Unene Unapokuwa Kazi ya Halmashauri: Jibu kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Moshi

Swali: "Mimi ni mwenyekiti wa mtaa katika Manispaa ya Moshi. Katika kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata niliuliza kwa nini mpango wetu wa afya hauna hata mstari mmoja kuhusu unene, ilhali kinamama wengi wa mtaa wangu wanahudhuria kliniki za presha na kisukari. Nilijibiwa kwamba unene ni suala la mdomo wa mtu, na kwamba kazi ya halmashauri ni taka, maji na kipindupindu. Je, jibu hilo ni sahihi? Na kama si sahihi, halmashauri inaweza kufanya nini hasa, na kwa fedha zipi?"

Ndugu Mwenyekiti,

Nakushukuru kwa swali lako, na nitaanza na lile jibu ulilopewa kikaoni, kwa sababu linajipinga lenyewe. Kipindupindu nacho huingia kwa mdomo. Hata hivyo sijapata kumsikia ofisa akisimama mbele ya wananchi na kusema kwamba aliyeugua ndiye aliyekunywa maji machafu, kwa hiyo shauri yake. Bwana afya hupita akikagua vyoo, vilabu vya pombe na mabanda ya mama lishe, visima hutiwa dawa, na uuzaji wa matunda yaliyomenywa barabarani husimamishwa kwa muda. Tulikwisha kukubali zamani kwamba kinachofika mdomoni mwa mtu hutegemea kwa sehemu kubwa jinsi mji unavyopangwa na kusimamiwa. Unene unafuata kanuni hiyo hiyo, ingawa madhara yake huja polepole na zana za kuuzuia ni nyingine.

Kisheria hakuna utata mkubwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri wajibu wa kuendeleza ustawi wa jamii na wa kiuchumi wa wakazi wa eneo lake, bila kuutenga ugonjwa wa aina moja na kuuacha mwingine. Katika muundo wa sasa wa halmashauri, lishe imetajwa hata kwenye jina la divisheni inayohusika, ambayo ni Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Afisa lishe aliyeko huko haajiriwi kwa ajili ya watoto waliokonda peke yao.

Kuhusu swali la kama mji wenyewe unanenepesha, tunao ushahidi wa hapa hapa jirani. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wakazi wa Shari, kijiji cha Wilaya ya Hai ambacho nadhani unakifahamu, na wakazi wa Ilala, Dar es Salaam. Kisukari kilionekana kwa asilimia 5.9 ya wanaume na asilimia 5.7 ya wanawake wa Ilala, wakati huko Shari kilikuwa asilimia 1.7 kwa wanaume na 1.1 kwa wanawake. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na unene, upungufu wa kazi za mwili na maisha ya mjini kwa ujumla. Mtu wa Shari wa wakati ule hakuwa na nidhamu ya mdomo kuliko mtu wa Ilala. Alikuwa akipanda na kushuka mteremko kila siku, akikata majani ya ng'ombe na kubeba mkungu wa ndizi kichwani, na jioni akila ndizi na maharage kwa sababu ndizi na maharage ndivyo vilivyokuwepo. Tangu wakati ule hali imesogea. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zilionyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na wakafika asilimia 28 katika utafiti wa 2015/16. Uzito uliozidi ni pale uwiano wa uzito kwa urefu (BMI, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) unapofika 25, na kiribatumbo ni unapofika 30. Ni vigumu kuamini kwamba katika muda wa miaka mitano tabia za wanawake wa nchi nzima ziliharibika kiasi hicho. Kinachoweza kubadilika kwa kasi hiyo ni mazingira: bei ya mafuta ya kupikia, wingi wa soda, bodaboda iliyofika hadi mlangoni, kazi za kukaa kwenye fremu kutwa nzima.

Hapa niruhusu kuchepuka kidogo, kwa sababu suala hili huzungumzwa vikaoni kana kwamba mila zetu ndizo zenye kosa. Ni kweli kwamba kwetu kumwambia mtu amenenepa bado ni sifa, na kwamba tangu miaka ya Ukimwi kukonda kumebeba aibu yake. Ni kweli pia kwamba mama wa Kichaga aliyejifungua hulishwa mtori na nyama na kuzuiwa kazi nzito kwa takribani miezi mitatu. Lakini desturi hiyo ilitungwa kwa mama ambaye baada ya miezi hiyo alirudi kihambani, kwenye shamba lake la migomba, na kupanda mlima. Mama wa Pasua au Majengo anayerudi kwenye kiti cha duka na kupanda bajaji kwenda sokoni amerithi mtori bila kurithi mlima. Sioni sababu ya kumkemea, wala sioni kwamba kipeperushi kitamsaidia.

Nikija kwenye kile ambacho halmashauri inaweza kufanya, nianze na kile isichoweza, ili usije ukapoteza nguvu kikaoni. Haiwezi kupandisha ushuru wa bidhaa kwenye soda, kwa kuwa ushuru huo ni wa Serikali Kuu. Viwango vya vyakula vya viwandani na maandishi ya kwenye vifungashio vyake viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Njia za waenda kwa miguu, ambazo watu wengi hudhani ni za manispaa, kwa kiasi kikubwa zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mikono ya halmashauri imefungwa, ujue kuna ukweli fulani katika hilo. Lakini yamebaki mambo ambayo ni yake kabisa, na makubwa kati ya hayo ni shule za msingi, masoko na ardhi.

Shule ndizo ningezipa uzito wa kwanza. Shule ya msingi ya serikali ni mali ya halmashauri, kuanzia kiwanja hadi kibao cha jina lake, na mtoto hukaa humo saa nyingi kuliko mahali pengine popote nje ya nyumbani. Tazama sasa kinachoonekana katika shule nyingi za mijini. Kibao cha getini kimechorwa kwa msaada wa kampuni ya soda. Upande wa barabarani uzio umegeuzwa kuwa fremu za maduka ili shule ipate kodi. Kiwanja cha michezo kimemegwa mara mbili au tatu, na kwa kuwa shule haina hati, hakuna wa kulalamika. Saa nne watoto hukimbilia getini kununua mihogo ya kukaanga, maandazi, barafu za rangi na ashkirimu, na wengi hununua kwa sababu hawakunywa chai nyumbani na hakuna chakula cha mchana shuleni. Kila kimoja kati ya hivi kiliamuliwa au kuachwa na kikao fulani cha halmashauri, kamati ya shule au kata, na hakuna hata kimoja kilichoitwa suala la afya wakati kinaamuliwa.

Jibu la haraka ambalo viongozi hupenda ni kuwafukuza wauzaji wa getini. Mimi silipendelei. Muuzaji akifukuzwa huhamia ng'ambo ya barabara, mtoto naye huvuka barabara kumfuata, na sasa tumeongeza hatari ya kugongwa na bodaboda juu ya ile ya maandazi. Kinachopunguza biashara ya getini ni sufuria la makande ndani ya shule. Pale wazazi wanapokubaliana kuchangia mahindi, maharage na kuni, na kamati ya shule ikasimamia kwa uwazi, mtoto mwenye shibe hahitaji sana shilingi mia mbili ya mihogo. Halmashauri inaweza kusaidia kwa jiko sanifu, kwa maji ya bomba yanayonyweka na kwa bustani ya mboga, na inaweza kuagiza kwamba ndani ya uzio vinywaji viwe maji na maziwa tu. Agizo hilo la mwisho halina gharama yoyote, isipokuwa labda kibao kipya cha getini. Nakukumbusha kwamba soda ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 hadi 40 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku, na asivuke 50.

Jiji la Amsterdam, Uholanzi, lilikwenda njia hiyo. Mpango wake wa uzito wenye afya uliweka maji kuwa kinywaji cha shule, ukawafuata wazazi mtaa kwa mtaa na ukaelekeza nguvu nyingi kwenye mitaa maskini. Kati ya mwaka 2012 na 2015 watoto wenye uzito uliozidi walipungua kutoka asilimia 21 hadi 18.5, ingawa ni vigumu kusema ni sehemu gani ya upungufu huo ililetwa na mpango wenyewe. Uingereza nako kuna funzo, hasa la kiutawala. Mwezi Aprili 2013 kazi ya afya ya jamii katika England ilitolewa kwenye mfumo wa hospitali na kurudishwa kwenye halmashauri, kwa hoja kwamba halmashauri ndiyo inayoshika mipango miji, shule na viwanja vya wazi. Halmashauri ya Gateshead iliamua mwaka 2015 kwamba migahawa mipya ya vyakula vya kuchukua haitaruhusiwa ndani ya mita 400 kutoka shule ya sekondari. Naitaja kama mfano wa mamlaka ya ardhi kutumika kwa ajili ya afya, lakini nisingeshauri tuinakili. Mgahawa wa Gateshead ni duka lenye leseni na mlango. Wa kwetu ni mama mwenye karai, jiko la mkaa na watoto watatu wanaosoma kwa karai hilo.

Kwa huyo mama na wenzake wa sokoni, halmashauri ina mkono laini kuliko ule wa mgambo. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna kinachozuia afisa maendeleo ya jamii kukaa na afisa lishe na kutoa msukumo kwa vikundi vya kuuza matunda, mboga, maziwa au uji wa lishe, au kukubaliana na vikundi vya mama lishe kwamba sahani iwe na fungu la kweli la mchicha au mnafu badala ya vijiti viwili vya mapambo. Bwana afya, ambaye tayari anakagua mabanda hayo, anaweza kuongeza swali moja katika ukaguzi wake: mafuta haya yamekaangiwa mara ngapi? Na pale Mbuyuni au Soko Kuu, bomba moja la maji safi ya kunywa lililowekwa kwa makubaliano na mamlaka ya maji lingempunguzia mchuuzi sababu ya kununua soda ili tu akate kiu. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba soda ni salama kuliko maji. Mahali ambapo kauli hiyo ni ya kweli, tusimlaumu anayeisema.

Moshi, kwa bahati nzuri, haihitaji kufundishwa kwamba manispaa inaweza kubadili mwenendo wa watu. Sifa ya usafi ya mji huu haikuletwa na semina. Ililetwa na sheria ndogo, mapipa yaliyokuwepo mahali pake, magari ya taka yaliyopita kwa wakati na faini ambayo hata mgeni anayeshuka kwenye basi huonywa kuihusu. Unene hauna faini wala haupaswi kuwa nayo, na kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mfano huo tuiache. Zilizobaki zinafaa zote: weka mazingira kwanza, kisha mtegemee mtu ayatumie.

Ndiyo maana nina mashaka na namna tunavyopima mafanikio kwa mazoezi ya pamoja. Mwezi Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliagiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi, na lilikuwa wazo jema. Lakini piga hesabu. Asubuhi 12 za saa mbili ni saa 24 kwa mwaka, wakati mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani saa 130 kwa mwaka. Tena wanaojitokeza mara nyingi ni watumishi wenye fulana mpya, huku muuza nyanya akiwa sokoni kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yake ya kuuza. Saa zile 106 zinazobaki zitapatikana kwenye kutembea kwa kawaida tu, kwenda sokoni, kanisani, msikitini na shuleni, na mtu hatembei mahali ambapo mtaro uko wazi, taa hazipo na bodaboda hupita alipokanyaga yeye.

Umeuliza kuhusu fedha, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Tangu mikataba ya lishe iliyosainiwa na wakuu wa mikoa mwezi Desemba 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Utekelezaji wake hufuatiliwa kwa kadi ya alama, na mkurugenzi huulizwa alama hizo hadi mkoani. Kwa hiyo afisa lishe anayekujibu kwamba hana fungu la unene anaweza kuwa anasema kweli: fungu lake lina jina la mtoto juu yake. Tafadhali usipendekeze liguswe. Udumavu bado upo, na zaidi ya hayo, upo ushahidi kwamba mtoto aliyedumaa akikulia baadaye kwenye chakula kingi chenye sukari na mafuta huwa katika hatari zaidi ya kisukari na kunenepa vibaya. Fedha ya siku zile elfu moja za kwanza, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, kwa namna hiyo inazuia vitambi vya mwaka 2050.

Kwa watu wazima mlango ni mwingine. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri hupokea shughuli za magonjwa yasiyoambukiza, na tangu Novemba 2019 kuna mpango wa kitaifa wa kuyadhibiti magonjwa hayo, ambao Mganga Mkuu wa Manispaa anaweza kuutaja kama msingi wa ombi lake. Lakini sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza haipaswi kulipiwa na fungu la afya hata kidogo. Kupima kiwanja cha shule na kukiombea hati ni kazi ya ardhi. Bomba la soko ni la mapato ya soko. Njia ya miguu ni ya TARURA. Kazi ya wataalamu wa afya katika hayo ni kukaa kwenye vikao vya idara nyingine na kusema, kwa takwimu, kile ambacho uamuzi huo utafanya kwa miili ya watu.

Na takwimu hizo kwa sasa hatuna kwa ngazi yako. Katika England kila mtoto wa miaka 4 hadi 5 na wa miaka 10 hadi 11 aliye katika shule za serikali hupimwa uzito na urefu, utaratibu ulioanza mwaka wa masomo 2005/06, na halmashauri hujua ni kata ipi inayoharibika. Sisi tunampima mtoto hadi miaka mitano, kisha tunamwachia hadi atakapokuja na presha. Zahanati ya kata yako inaweza kuanza kesho kwa mizani, kipimo cha urefu na futi ya fundi cherehani, kwa kuwa mzunguko wa kiuno wa sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume hutumika kama alama ya tahadhari. Siku ya Afya na Lishe ya mtaa, inayofanyika kila robo mwaka kwa ajili ya watoto, huwaleta mama zao pia; wapimwe nao, lakini ndani ya chumba, na namba yao isisomwe kwa sauti. Nimeona upimaji wa hadharani ukigeuka kichekesho cha mtaa, na robo iliyofuata kinamama wanene wakatuma dada wa kazi ampeleke mtoto.

Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla yake, ningekushauri usisubiri mpango wa afya urudi kwako. Mkutano wa wakazi wa mtaa wako hufanyika mara kwa mara. Katika ule ujao, ombeni mambo matatu na yaandikwe kwenye muhtasari kwa majina yake: kiwanja cha shule kipimwe na kupatiwa hati kabla fremu nyingine haijajengwa, zahanati ipate mizani, kipimo cha urefu na rejesta ya watu wazima, na barua ya njia ya waenda kwa miguu iende kwa meneja wa TARURA, nakala kwa mkurugenzi na kwa diwani. Neno "unene" si lazima lionekane katika ombi la kwanza na la tatu. Mwenye kikao aliyekujibu vile ataweza kuyapitisha yote mawili bila kulazimika kubadili msimamo wake.